Kigae cha Safu ya Saba

"Hicho kigae hakitoki humu ndani," wifi yangu alisema, akakikalia.

Msidhani nasema tu. Alikitoa pale mlangoni kinapozuia mlango usibamizwe na upepo, akakiweka juu ya kigoda, akatua juu yake kama kuku anayeatamia.

"Wifi, inuka. Huyo mtu anakuja kukichukua saa kumi."

"Aje. Atanikuta nimeatamia."

"Kigae hakitotoi."

"Na wewe hukitoi! Unataka wakamweke ndugu yangu kwenye kabati la vioo la makumbusho, watu wapite wamchungulie kama nyoka wa kwenye chupa? Si wameshakwambia wataandika nini chini yake? 'Kiliungua kwa uzembe wa fundi.' Uzembe! Ndugu yangu ambaye hata foronya alikuwa akiinyoosha kwa ukucha!"

"Ndugu yako alikuwa mume wangu."

"Basi mtetee mumeo! Asiyekuwepo na lake halipo, hujasikia? Huyu hayupo, na wewe upo umekaa hapo unachambua mchele."

Nikaendelea kuchambua mchele. Jibu nilikuwa nalo, tena miaka arobaini nzima, lakini lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki, na kadiri unavyozeeka nao ndivyo unavyouzoea.

Huyo tuliyekuwa tunamgombania, mtaani walimwita Kucha. Alikuwa fundi wa vigae. Alilaza vigae vya mabafu, vya maduka, vya wodi ya wazazi ambako wanangu wote wawili walizaliwa, nami nikawa nalala pale na uchungu wangu huku natazama sakafu ya mume wangu na kusema moyoni, angalau kuna kitu kimoja humu kimenyooka. Rula ya chuma alikuwa nayo, timazi alikuwa nayo, lakini neno la mwisho lilikuwa la ukucha wa dole gumba la kulia. Aliuacha urefu kidogo na kuusugua kwa tupa kila Ijumaa. Kazi ikiisha anapiga magoti na kuupitisha kwenye kila kiungo, polepole, huku amefumba macho. Ukikwama, hata kama ni unene wa unywele, anakibandua kigae na kuanza upya. Mwenye nyumba apige kelele mpaka achoke.

Wajukuu zangu niliwaambia kwamba babu yao aliwahi kupitisha ukucha kwenye kipara cha shemeji yake akamwambia, "Una mawazo mawili hayalingani." Hilo sina shahidi. Lakini kwamba alibandua sakafu nzima ya posta kwa sababu ya kigae kimoja, hilo lipo, na posta ndiko Bwana Rula alikoiona kazi yake.

Bwana Rula ni mhandisi, na jina hilo tulimpa sisi kwa ile rula isiyotoka mfukoni mwa shati lake. Enzi hizo alikuwa kijana mwembamba, shingo kama ya korongo. Alikwenda posta kutuma barua, gololi ikamdondoka mfukoni (mtu mzima anatembea na gololi, lakini wahandisi ndivyo walivyo), ikakaa pale pale ilipoangukia. Akaipeleka mahali pengine. Ikakaa. Akazunguka posta nzima akiweka gololi chini na kuinama, mpaka mlinzi akamfuata. Naye badala ya kuomba radhi akauliza, "Nani amelaza sakafu hii?"

Ndivyo Kucha alivyokwenda kulaza sakafu ya jua.

Chekeni tu, wifi yangu naye alicheka siku ya kwanza. Nje ya mji walikuwa wamejenga jengo refu lisilo na madirisha, na ndani yake mna mashine kama tairi la lori la jitu, lenye uwazi katikati. Sisi tuliofanya kazi mle tuliliita Jua Dogo. Ndani ya lile tairi walikuwa wanawasha hewa. Hewa inapata moto mpaka inaacha kuwa hewa, inakuwa kitu kingine ambacho hakuna chungu duniani kinachoweza kukishika. Kwa hiyo hawakukishika. Walikizungushia sumaku pande zote, kikaelea katikati bila kugusa ukuta, kama mkwe anayepita sebuleni bila kugusa kiti.

Watoto niliwaambia moto ule ulikuwa mkali hata mbu wa mtaa wa tatu walitembea na miavuli. Ukweli ni kwamba nje ulikuwa huhisi kitu. Mashine ilikuwa inanguruma kama friji, basi.

Taabu haikuwa katikati, taabu ilikuwa pembeni. Moto wowote una ukingo, na ukingo wa ule ulikuwa unavuja. Kile kilichovuja kilishuka mpaka chini ya tairi na kutua sakafuni kwenye mstari mwembamba, upana wa utepe wa nywele za mtoto wa shule. Joto lote la Jua Dogo linatafuta pa kutokea, na mlango wenyewe ndio huo. Chini ya sakafu walipitisha mabomba ya maji. Juu yake walipuliza hewa nyingine ya kuutuliza moto kabla haujatua, ugeuke mwanga na kusambaa, kama unavyopoza uji kwa kuupuliza kabla haujafika ulimini. Lakini hata upoze vipi, mwisho wa yote kuna sakafu, na sakafu ni vigae. Vidogo vya chuma kizito ajabu, ukubwa wa kipande cha sabuni na uzito wa nyundo. Maelfu.

Siku Kucha alipoonyeshwa mchoro alirudi nyumbani hana hamu ya kula.

"Wanataka niviinamishe," alisema.

"Viiname vipi?"

"Kila kigae. Upande mmoja juu kidogo, upande mmoja chini. Vyote kuelekea kumoja, kama magamba. Mke wangu, maisha yangu yote nimepigana na kigae kilichoinuka, leo napewa kazi ya kuviinua!"

Siku tatu alinuna. Mkimjua fundi wa kweli mtamhurumia. Ilikuwa kama kumwambia fundi cherehani ashone mkono mmoja mrefu. Mwishowe Bwana Rula akamweleza, naye akaelewa: moto ule hautui kutoka juu kama mvua. Unakuja kwa kulala, karibu kuwa sambamba na sakafu, kutoka upande mmoja. Kigae kikiinua mgongo wake kidogo, kinaficha ukingo wa kigae kinachofuata. Huyu anamkinga yule, yule anamkinga mwingine, mpaka duara lizunguke. Ukingo ukibaki wazi, hata kwa unene wa ukucha, moto unaukuta uso kwa uso na kuuyeyusha.

"Kumbe ni ujirani," Kucha alisema.

Basi akakata vibati. Kila kigae kiliwekewa kibati chembamba chini ya upande mmoja ili kiinuke. Alivikata mwenyewe kwa mkasi wake, na kila kimoja alikikata pembe, kijipembe kidogo tu, ndiyo sahihi yake. Ukucha sasa ulipita kuelekea upande mmoja pekee. Ukiteremka bila kukwama, sawa. Ukipanda, anabandua.

Miezi mitatu baadaye nami nikapata kazi mle ya kufuta. Miaka miwili ile, jamani! Sijui kama kuna malkia aliyeishi vizuri kuliko mfagizi wa jua. Tulivaa nyeupe toka utosini mpaka vidoleni, tukaingia ndani ya tairi kwa magoti. Kucha alikuwa na tabia ya kuimba akilaza vigae, naye hakuwa na sauti, Mungu amrehemu, lakini mle ndani wimbo ulikuwa unazunguka duara lote na kumrudia kwa nyuma, na mimi niliyekuwa upande wa pili nikausikia mara mbili: mara moja ukienda, mara moja ukirudi. Mchana tulikula kwenye ngazi za chuma, yeye ngazi ya juu, mimi ya chini, akiniangushia maganda ya machungwa kichwani na kusingizia upepo. Ndani ya jengo lisilo na dirisha, upepo!

"Unatabasamu nini?" wifi aliuliza kutoka kwenye kiota chake. "Mtu anakwenda kutukanwa kaburini, wewe unatabasamu."

"Namkumbuka."

"Mkumbuke kwa faida. Mwambie huyo Rula akija kwamba ni yeye ndiye aliyekosea. Si ndivyo ulivyotuambia? Kwamba alikalia kigae?"

Ni kweli, niliwahi kusema Bwana Rula alikalia kigae. Mwaka mwingine nilisema panya aliingia. Mwaka mwingine nilisema ni jua lenyewe la angani, lilimwonea wivu mdogo wake, Jua Dogo.

"Wifi," nikasema, nikasukuma sinia la mchele. "Hakukalia."

"Basi panya."

"Hapakuwa na panya."

"Nani sasa?"

"Mimi."

Akanitazama. Halafu akacheka mpaka kigae kikagongagonga kigoda chini yake.

"Hii nayo ni ya miavuli ya mbu?"

Angalieni adhabu hiyo. Miaka yote ukidanganya watu wanakaa kimya wanakusikiliza, siku unayosema kweli wanashika mbavu.

Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia kama ninavyowaambia nyinyi.

Utaratibu ulikuwa huu: Kucha anapitisha ukucha, mimi nafuta, mafundi wa spana wanakaza, mfuniko unafungwa. Nami nilikuwa na amri mbili. Ya kwanza, kisibaki kitu, hata unywele, kwa sababu unywele mle ndani ni moshi. Ya pili, chochote nitakachookota nikiweke kwenye kifuko na kukionyesha mlangoni kabla sijatoka.

Safu ya saba, karibu na mwisho, niliona kitu kinang'aa kwenye kiungo. Kama gamba la samaki. Nikakivuta kwa kidole, kikaja vizuri tu, hakikubisha. Kibati. Nilikigeuza nikakiona kisafi, kimekatwa kijipembe, nikadhani ni cha ziada kilichodondoka, na nikawaza, kitu kizuri hivi kikatupwe? Basi sikukitia kwenye kifuko. Nikakitia mfukoni.

"Kwa nini?" wifi aliuliza. Hakuwa anacheka tena, ila hakuwa ameamini pia.

"Kwa sababu ya meza."

Meza yetu ilikuwa inacheza tangu siku ya harusi. Fundi wa vigae, mume wangu, sakafu zake gololi haitembei, na nyumbani kwake chai inamwagika! Kila siku anasema kesho. Nilikikunja kile kibati mara tatu, nikakisukuma chini ya mguu, meza ikatulia tuli kama imeambiwa kitu. Nikafurahi. Nikasahau.

Wiki iliyofuata wakawasha. Kigae nilichokinyang'anya kibati chake kilikuwa kimelala, na kigae kilicholala hakimkingi jirani. Yeye mwenyewe hakupata hata doa. Aliyeungua ni wa pembeni yake, asiye na kosa lolote, ukingo wake ukawa wazi na moto ukaukuta. Tone moja la chuma likaruka likaingia katikati ya Jua Dogo, na Jua likasongwa, likazima kabla mtu hajapepesa jicho. Hakuumia mtu. Lakini mashine ilikaa kimya miezi minne, na wakubwa wakaja na suti zao kuchungulia shimo dogo lisilozidi punje ya mtama.

Kucha hakulala vizuri siku hizo. "Nilipita," alikuwa akisema. "Ukucha ulipita safu ya saba. Ulipita!"

Jumapili mchana alifunga mapazia akaniita. Alikuwa amelaza dhumna zake mezani kwa mstari, zimeinama kidogo kama magamba, akaweka tochi kwenye ukingo wa meza, imelala, mwanga unapita juu ya dhumna kama wembe. "Ona," akasema. "Zikiwa zimekingana, ukingo hauonekani." Akaishusha dhumna moja kidogo tu, na ile iliyofuata ukingo wake ukawaka mweupe, peke yake, katika chumba chote. "Ndicho kilichotokea. Lakini vipi? Nani aliishusha?"

Nilitazama ule ukingo mweupe, na bado sikujua. Naapa sikujua.

Akaweka kiganja juu ya meza, akaisukuma. Akaisukuma tena.

"Meza imetulia," akasema.

"Nimeiwekea kitu."

Akachukua tochi, akainama. Alikaa kule chini muda wa kuchemsha yai. Mimi nikiwa nimesimama naona mgongo wake tu, na mwanga unatoka chini ya meza kwenye miguu yangu, ndipo nikajua. Alipoinuka hakunitazama. Alikusanya dhumna moja moja, akazirudisha kwenye kisanduku chake, akafungua mapazia.

"Kibati kinafanya kazi yake," akasema. Nje ya hayo, mpaka anakufa, hakulitaja tena.

Jumatatu alimwendea Bwana Rula, akasema, "Ni mimi. Nilisahau kibati safu ya saba."

"Wewe husahau."

"Safari hii nimesahau. Ila kuanzia sasa ukucha upite mara ya pili, baada ya kitambaa cha kufutia."

Aliyetoa kitu mle ndani bila kukionyesha alikuwa anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Fundi aliyesahau alikuwa anahamishwa. Basi akahamishwa, akapewa vigae vya vyoo na kumbi, miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka mlango wa njano wa Jua Dogo, ambao yeye haruhusiwi tena kuupita, nami nikaingia kufuta sakafu yake. Alichoomba ni kile kigae kilichoungua. Wakakipima mionzi kwa chombo chao kinacholia kama panzi, wakaona hakina neno, wakampa. Akakifanya kizuizi cha mlango. Alipokipita alikuwa anakigusa kwa kidole cha mguu, polepole, kama unavyomgusa paka aliyelala.

Nikaishia hapo. Chai ya wifi ilikuwa imepoa mezani mbele yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema taratibu, "na yako naona haina mwisho. Eti chini ya meza. Miaka arobaini! Wifi, unataka kumsafisha mumeo, nakuelewa, lakini usijipake matope ya uongo. Huyo Rula atakuamini vipi, kama mimi ninayekupenda sikuamini?"

Niseme nini? Nilishuka kwenye kiti. Magoti yangu siku hizi yana maoni yao, lakini yalikubali. Nikaingia chini ya meza, nikaupapasa ule mguu wa nyuma, nikakikuta. Kilikuwa kimeng'ang'ania kama kupe. Nikainua meza kwa bega, nikakivuta.

Meza ikayumba. Ikaegemea upande ule ule wa zamani, upande wa harusi yetu, na kikombe cha wifi kikaanza kuteleza. Akaruka kukidaka. Akakidaka, na kigae kikabaki peke yake juu ya kigoda.

Nilitoka kule chini nikakikunjua kibati kiganjani, mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu. Kilikuwa kimechakaa, kimekuwa cheusi, lakini kijipembe kilikuwepo. Wifi alikitazama muda mrefu. Ndugu yake alikuwa akikata hivyo hivyo pembe za madaftari yake ya shule, alipokuwa mdogo, ili asiibiwe. Aliniambia yeye mwenyewe mwaka niliotolewa mahari.

"Kwa hiyo," alisema, na sauti yake ikapanda, "miaka yote hii nimekula, nimekunywa, nimemlilia ndugu yangu, viwiko vyangu viko juu ya—"

"Ndiyo."

"Na wewe umenitazama!"

"Ndiyo, wifi."

"Nenda ukamwambie jina lako liandikwe! Lako! Kwa herufi kubwa, kila—"

"Hodi," mtu alisema.

Mlango ulikuwa wazi, kigae hakikuwepo kuuzuia, na upepo ulikuwa umeusukuma mpaka ukutani. Bwana Rula alisimama kizingitini na shingo yake ile ile ya korongo, sasa yenye mvi, rula mfukoni. Alikitazama kigae juu ya kigoda. Halafu akaitazama meza iliyoinama, na kikombe mikononi mwa wifi, na mkono wangu wenye kibati.

Wifi akafunga mdomo. Sikuufumba mkono.